Bakuli Jekundu la Mama Atoo

Mwaka umetimia, mama yetu Veronika Atoo, tangu presha ikuangushe kwenye kibanda chako cha chakula pale Kansanga, mwiko ukiwa bado mkononi. Tunakuandikia sisi watoto wako. Kalamu ameshika Anena, kitinda mimba wako, kwa sababu kaka Okwera amesema mkono wake hauwezi. Amekaa hapa kando, macho chini.

Ulikuwa mke wa polisi, ukatulea kambini, na Kiswahili chako cha kambini hukukiacha hata ulipoingia kanisani. Na ile sauti, jamani! Mteja aliyekuwa ng'ambo ya barabara alijua kama leo kuna maharage au yamekwisha. Ulipenda kuchekesha watu, na ulipenda chumvi kuliko daktari wako alivyotaka.

Lakini waliokujua hasa wanakumbuka bakuli lako jekundu lenye kifuniko. Mtu akikukosea, hukununa wala hukumtangaza kwa majirani. Ulichuma malakwang, mboga chungu ya kwetu Acholi, ukaipika kwa simsim ya kusaga, ukafunika, ukampelekea. Wewe uliyekosewa ndiye uliyefunga safari. "Kula kwanza," ulikuwa unasema, "maneno nyuma."

Kahambu, Mkongomani anayeuza nyanya jirani na kibanda chako, aliwahi kuwaambia wateja kwamba chakula chako kinaharibu tumbo. Bakuli likamfikia. Alipoanza kula machozi yakamtoka, nawe ukamuuliza, "Unalia nini? Chumvi mingi?" Mpaka leo Kahambu anasema akiona chombo chochote chekundu kinakuja upande wake, anaanza kujichunguza.

Watoto wa komunyo ya kwanza uliwafundisha hivyo hivyo. "Nyinyi nafikiri Mungu alikaa juu amenuna, nangoja watu walete mbuzi? Nani alikosewa? Ni yeye. Na nani alikuja? Ni yeye! Alikuja na mwili yake, alikufa juu ya musalaba, alisema kula. Basi, wewe kula." Padri alicheka, lakini hakukusahihisha.

Sasa tuseme la aibu.

Okwera alipata kazi ya kufundisha chuo kikuu cha Kyambogo, akapata na mchumba, Nantume, binti wa watu wenye heshima zao wa Mengo. Ikafika kwanjula, siku ya kijana kwenda kutambulishwa ukweni. Okwera akaiwaza ile sauti yako katikati ya watu waliotulia kwenye viti vyao, akakiwaza Kiswahili cha kambini, akaona haya. Akakwambia desturi ya Waganda, kabila la kina Nantume, hairuhusu mama wa kijana kwenda. Ukweni akasema unaumwa. Kwenye kiti chako akamweka shangazi Aloyo, aliyestaafu benki, anayeongea polepole. Na sisi tulikuwepo, mama. Tulijua. Tulivaa gomesi zetu, yale magauni ya sherehe, tukala kuku wa watu, tukanyamaza. Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama kusema kwamba mama yake yuko Kansanga, mzima wa afya, anakoroga maharage.

Video ya siku ile ndiyo iliyokuonyesha ukweli. Uliitazama kwenye simu ya Kahambu, viti vyote na waliovikalia. Jumapili yake ukachuma malakwang.

Okwera aliliona lile bakuli linaingia getini kwake. Alilijua tangu utoto, alijua linakwenda kwa nani. Akaanza kujitetea kabla hujaketi: "Mama, ngoja. Nitakuja nyumbani na wazee, na mbuzi, na gomesi mpya, nikuombe msamaha inavyotakiwa." Ukamwambia, "Mbuzi ya nini? Mimi tayari nakuja. Kula, chakula inapoa."

Akalipokea kwa mikono miwili, akaahidi atakula baadaye. Hakula. Alijiona hana uso wa kula. Alitaka kwanza astahili, ndipo ale, kana kwamba ulimletea mshahara. Akaliweka bakuli kwenye friza, akaanza kuulizia mbuzi. Wiki ile ile ukatutoka, na mbuzi tukamchinja msibani.

Kulitupa hakuweza, kulila hakuweza. Alilisukuma nyuma ya samaki. Umeme ukikatika alilikumbatia akalikimbiza kwa jirani mwenye jenereta, akamwambia ni dawa. Kanisani aliacha kukomunika. Watu wakipanga mstari, mwalimu mzima anainama kufunga kamba za viatu, hata siku aliyovaa ndala. Sisi tulimcheka, hatukujua kinachomla.

Juzi Nantume alikuwa anatafuta nafasi ya kuweka nyama ya siku ya kumbukumbu yako, akalitoa. "Hii nini?"

Okwera alitaka kusema dawa, akashindwa. Akamweleza yote, uongo wa desturi, ugonjwa usiokuwepo, kiti. Alisema akiangalia sakafu. Nantume akamwambia kumbe wazazi wake siku ile walikuwa wamekuandalia zawadi, wakaulizia sana mama mwenyewe yuko wapi. Kisha akawasha jiko, akachemsha viazi vitamu, akapasha mboga.

"Siwezi," Okwera akasema. "Sistahili hata kuinusa."

"Kwani mama alikuuliza kama unastahili?" Nantume akaweka bakuli mezani kwa kishindo. "Alikuja, bwana. Alikuja mwenyewe, ukamweka kwenye barafu. Mimi nimekukasirikia, na mimi na wewe tutaongea. Lakini hiki chakula si changu. Kula."

Akala. Tonge la kwanza alilimeza kwa machozi. Uchungu wa ile mboga ulikuwa ule ule, na chumvi yako ile ile, nyingi. Alikula ameinama, peke yake, na Nantume amesimama mlangoni na mikono kifuani, mpaka kukabaki bakuli tupu. Akaliosha mwenyewe. Anasema hajawahi kuona aibu kama ile, hata siku ya mazishi hakuiona, kwa sababu siku ya mazishi alidhani bado anadaiwa, na sasa ameambiwa hadaiwi.

Jana, Jumapili, alikuwa wa mwisho kwenye mstari wa komunyo. Lakini alikuwepo.

Na sisi tuliokula kuku tukanyamaza, tumelijaza bakuli lako leo. Liko mezani mbele ya picha yako, na kila mmoja wetu atakula humo kwanza, maneno nyuma. Mbuzi hatukuleta.

Wanaokukumbuka: Mzee Oyet, mume wako. Uthman, kaka yako, anayekuombea msikitini kila Ijumaa. Aloyo, wifi yako, ambaye leo amekataa kabisa kukaa kiti cha mbele. Nantume, mkwe wako. Kahambu, jirani yako. Anena, kitinda mimba wako. Na Okwera, mwanao.

Siku zetu zote utakuwa nasi moyoni, mama. Okwera amekula.