Baba Aliuliza Kama Ndege Wamehama

Nyumbani,
Jumapili asubuhi, siku yangu ya mapumziko.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu na mapacha wenu, na baridi ya huko iwe imeanza kuwahurumia. Mara ya mwisho ulisema kifua kinakubana. Umekwenda kupimwa, au bado unakunywa maji ya moto na kujidanganya kama kawaida yako? Nijibu hilo kabla ya lolote.

Sisi huku tupo. Nikisema hatujambo sitakuwa nimesema uongo, ila sitakuwa nimesema yote. Baba anakula, anatembea, anagomba. Mimi pia natembea, ingawa siku nyingine naona miguu ndiyo inayoijua njia na mimi naifuata tu. Nimechoka, Kaka. Nalitaja mapema ili ukiona mwandiko unalala pembeni usidhani naandika kwa hasira.

Kazi ni ileile ya kwenye tanuri, zamu ya usiku. Watu wanapenda kuamka wakute mkate wa moto, na ili waukute lazima mtu fulani asilale. Mtu huyo ni mimi. Narudi nyumbani jua likichomoza, unga hadi kwenye kope. Baba hanioni, lakini ananusa hamira, anasema kutoka barazani, "Mama Mikate huyo." Namwekea ile mikate iliyovunjika ambayo haiuziki, nanawa, najitupa kitandani.

Macho yake unajua yalivyokuwa ulipoondoka. Sasa yamekwenda zaidi. Masikio nayo yameanza kuchagua: sauti nzito yanazipokea, nyembamba yanazikataa. Mlango ukibamizwa anageuka. Kijiko kikianguka hana habari. Redio yake inasikika hadi barabarani, na bado analalamika kwamba mtangazaji ananong'ona.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikae niandike. Ni mbwa wako. Nasema wako kwa kuwa ndiwe uliyewaleta kwenye katoni ya sabuni, ukasema watamlinda Baba, kisha ukapanda ndege ukaenda zako. Bosi amekuwa mkubwa kama ndama. Karanga amebaki vilevile, wa rangi ya jina lake, masikio makubwa kuliko kichwa.

Tangu mvua zianze, nyasi za bustanini zimelainika, wadudu wamejaa, na ndege wamekuja karamuni. Kuna shomoro, njiwa, kunguru, na wale kwarara wenye midomo mirefu iliyopinda, wanaotembea kwenye nyasi polepole kama wakaguzi. Na mbwa wako wakiona ndege, akili zinawatoka. Karanga akiona shomoro anabweka harakaharaka bila kuvuta pumzi, huku akiuzunguka mlimao. Bosi hana shughuli na wadogo. Ugomvi wake ni kunguru. Mmoja akitua ukutani Bosi ananguruma, anaruka, anaanguka chali, anainuka, anaruka tena. Kunguru wenyewe wameshamjua. Kuna mmoja humshukia kwa nyuma, akamvuta mkia, akarudi ukutani kama si yeye. Kwa miaka yote hii hawajakamata hata unyoya, na hawajakata tamaa.

Ungekuwa hapa ungecheka. Mimi nilikuwa nacheka pia, kabla usingizi haujawa kitu cha kutafuta kwa tochi. Maana saa ninayolala mimi ndiyo saa wanayoshuka ndege. Niliziba masikio kwa pamba. Nilihamishia godoro stoo, katikati ya magunia na baiskeli yako mbovu. Niliwafunga mbwa kamba, ikawa balaa zaidi: mbwa aliyefungwa anabweka kwa niaba ya mbwa watatu. Jirani yetu fundi cherehani naye akanijia kwenye uzio na sindano mdomoni, akaniuliza, "Dada, hawa mbwa wenu wanaona majini?" Nikamwambia wanaona ndege. Akasema, "Afadhali wangeona majini, majini yana mwisho."

Kisha likatokea la kutokea. Kazini nilisinzia nimesimama, mkono ukaegemea mlango wa tanuri. Usishtuke, kidonda kimekauka, kimebaki kovu tu kama mkanda wa saa. Msimamizi alinipaka dawa mwenyewe, akanifunga kitambaa, halafu akasema taratibu, "Nakuheshimu, dada yangu. Lakini ukisinzia tena mbele ya moto nitakutoa hapa nikuweke kwenye usafi." Anayewekwa kwenye usafi pale kiwandani huwa hamalizi mwaka. Nilirudi nyumbani mkono unawaka, nikakuta bustani nzima inabweka.

Siku hiyohiyo nikaenda kwa mlinzi wa yadi ya mbao, yule mwenye kofia ya sufu jua na mvua. Alikuwa anamtamani Bosi siku nyingi. Nikamwambia awachukue wote wawili. Alikuja jioni na mnyororo na kipande cha kamba. Bosi alitoka kifua mbele kama mtu anayekwenda kupokea cheo, Karanga aliburutwa. Baba alikuwa amekaa barazani. Nikamweleza sababu, nikamshikisha bandeji aipapase. Alisema, "Sawa, mwanangu. Mkono kwanza."

Nikalala. Kaka, nililala usingizi wa pono. Wiki ya kwanza niliamka alasiri na mashavu yana alama za mto. Kazini wakaniambia nimenawiri. Fundi cherehani akanishonea aproni mpya bila kuombwa. Nikajiambia nimefanya la maana, na sikuwa na wasiwasi hata chembe.

Ila Baba akaanza kukaa ndani. Hapo mwanzo asubuhi haikumkuta kitandani. Alikuwa akipapasa ukuta hadi kwenye kiti chake cha barazani na kukaa hapo hadi adhuhuri. Sasa nilikuwa naamka na kumkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, redio imezimwa, viatu miguuni, haendi popote. Na mkate wake, ambao zamani ulikuwa unamalizika hadi nikafurahi kwamba hamu ya kula imemrudia, nikaanza kuukuta mezani umekauka.

Nikamuuliza, "Baba, mbona siku hizi hutoki nje?"

"Nitoke nikafanye nini? Ndege wamehama."

"Hawajahama, Baba. Wamejaa tele. Sasa hivi kuna kunguru wawili ukutani na shomoro wasio na idadi."

"Usinibembeleze kama mtoto mdogo."

"Sikubembelezi. Wapo."

"Kama wapo," akasema, "mbona kimya?"

Nikasimama mlangoni. Nje shomoro walikuwa wanapiga kelele kama soko, na yeye ameinamisha kichwa, anasikiliza, hasikii kitu. Ndipo akanieleza, polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Kunguru alikuwa akimjua kwa Bosi. Shomoro kwa Karanga. Kwarara aliwajua pale mbwa wote wawili walipotimka pamoja hadi sakafu ya baraza ikatikisika chini ya nyayo zake. "Nilikuwa nikikaa pale asubuhi," akasema, "bustani yote naiona."

Nikamuuliza mbona ndege walikuwa wanashinda bustanini kutwa, wakati wadudu huwa wanatosha asubuhi tu. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akautoa umejaa makombo ya mkate.

"Nilikuwa nawaita," akasema.

"Kwa mkate wangu?"

"Maganda tu."

Nikapandwa na hasira, sitakuficha. Mkate nilioubeba kwa mkono wangu ndio uliokuwa unaniamsha! Kumbe mchawi wangu nilikuwa namlisha mwenyewe, na chumvi juu. Nikamwambia, "Baba, ulikuwa unajua kwamba silali."

"Nilijua. Kila siku nilijiambia nitarusha kipande kimoja tu." Akajifuta kiganja kwenye goti. "Ukilala wewe, mwanangu, hapa hapana mtu. Nakaa gizani na hakuna hata kinachopita."

Nikakaa pale kitandani kando yake, sote wawili tumevaa viatu, hakuna anayekwenda popote.

Kesho yake sikulala. Nilitoka kazini moja kwa moja hadi yadi ya mbao. Bosi nilimkuta amefungwa karibu na geti. Aliponiona alitikisa kiuno kizima, akanilamba mkono wenye kovu. Halafu lori likaingia, akaniacha papo hapo akaenda kulibwekea. Amepata kazi, Kaka, na anaipenda. Mwenye yadi aliniambia bila kupepesa macho kwamba huyo harudi, kwani tangu aje hakuna ubao uliopotea. "Lakini huyo mwingine," akasema, "mchukue hata sasa hivi. Mchana kutwa anawabwekea shomoro wa kwenye bati, usiku ukiingia analala fofofo. Mlinzi gani huyo?" Karanga alikuwa chini ya benchi, amekonda kama ng'onda, vumbi la mbao masikioni. Nikamfunga kwa mkanda wa aproni, tukarudi.

Baba alimpapasa kuanzia puani hadi mkiani. Akapapasa hewa kando yake, akiutafuta mwili wa pili. Nikamwambia Bosi amebaki kazini. Akaitikia kwa kichwa. Baadaye akatoka barazani mwenyewe, Karanga akajilaza juu ya miguu yake, na mimi nikawa natafuta nguvu za kwenda kulala. Mara Baba akasema, "Njiwa." Nikaangalia. Kweli, njiwa wawili walikuwa chini ya mlimao, na mbwa hajatoa hata mlio. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Anatetemeka lakini habweki. Njiwa anawaonea haya."

Hivyo ndivyo tunavyoishi sasa. Tumekubaliana makombo yarushwe nikishaamka, wala si kabla. Siku nyingi anatimiza ahadi. Siku nyingine nasikia Karanga akibweka mara moja, halafu nasikia sauti ya Baba ikimwambia anyamaze, Mama Mikate amelala, kwa sauti kubwa kuliko ya mbwa watatu. Kunguru hatuna tena habari zao. Karanga anawaogopa, wakija anajificha chini ya kiti na kutulia kama jiwe, na Baba anadhani bustani ni tupu. Kila nikiamka ananiuliza, "Kunguru wamekuja?" Mimi nilikuwa nimelala, nitajua wapi? Lakini namwambia wamekuja.

Juzi nilimpeleka kwa daktari wa macho. Amesema tusitarajie macho kurejea, ila tusiogope pia, maumivu hayatakuwepo. Baba alimshukuru kwa adabu zote, kisha njiani akaniomba nikuandikie kwamba yeye ni mzima kabisa na usijisumbue.

Sikuandikii hivyo. Baba si mzima kabisa, na mimi pia si mzima kabisa. Usinitumie chochote, Kaka. Dawa tunazo, mkate ndio usiseme. Omba ruhusa kwa mwajiri wako, uje wewe, kwa muda wowote watakaokupa, hata kama ni mfupi. Nataka ukae kwenye kile kiti cha pili asubuhi, mimi nikiwa nimelala, umwambie nani ametua. Kama huyajui majina ya ndege, hata mimi siyajui yote. Sema tu rangi na ukubwa, na kama wanatembea au wanaruka. Jina atakupa yeye, na mtabishana, na nikisikia mnabishana nitajigeuza upande wa pili niendelee kulala.

Nisalimie sana wifi yangu. Mwambie mapishi yake ya maharagwe yalinishinda, nimerudi kwenye yangu. Mapacha wabusu kwenye utosi. Mjomba fundi saa wa huko, kama bado mnaonana, mpe pole ya mguu. Msimamizi wangu na fundi cherehani wanakusalimu ingawa hawakujui. Karanga yuko chini ya meza hii, amelalia unyayo wangu, na kwa jinsi anavyotetemeka nadhani kuna ndege dirishani, ila sitainua kichwa kumtazama.

Mungu akupe kifua chepesi na safari iliyonyooka.

Wako akupendaye,
Mdogo wako, kitindamimba.