Baba Ameacha Chuo, Shangazi

Nyumbani, chumba cha nyuma ya duka,
Jumapili, mwezi wa tatu.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa siku zote nilizokaa kimya. Goti lako linaendeleaje? Bado linakusumbua ukipanda ngazi, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Sisi huku ni wazima. Kikohozi cha Mama kimekwisha, na ameanza tena kuimba akiwa jikoni, kwa sauti ile ile unayoijua, ya kufukuza paka.

Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana kuta za nyumba hii ni nyembamba na nikiongea huku nyuma nasikika mpaka dukani. Na anayehusika na habari hii ndiye aliyeko dukani.

Shangazi, Baba ameacha chuo. Najua kila mkiongea anakwambia masomo yanakwenda vizuri. Juzi nilimsikia akikusimulia mtihani ambao hakuufanya, na swali gumu akalitaja. Nakuomba usimkasirikie. Wewe ndiye dada yake mkubwa, ndiye uliyemsukuma asome masomo ya jioni mpaka akapata sifa za kujiunga. Anaweza kumwambia mtu yeyote kwamba ameshindwa, ila si wewe.

Laiti ungekuwepo siku ya usajili! Alivaa suti ya kijivu aliyojishonea mwenyewe. Tulipofika dirishani, karani hakumtazama hata usoni. Akasema, “Mzazi, kaa pembeni, mwache mwanafunzi asogee.” Baba akakohoa kidogo, akajibu, “Mwanafunzi ni mimi. Huyu amenisindikiza.” Foleni nzima iliangua kicheko, kisha wakapiga makofi. Alipopewa kitambulisho, alikishika kwa ncha za vidole kama picha ambayo haijakauka.

Tukiwa njiani kurudi alinipa sharti moja. “Kifungo, pale chuoni tusijuane. Wewe una miaka yako miwili pale, una heshima yako. Sitaki watu waseme nimeingia kwa mgongo wako.” Nilicheka, nikakubali. Nilidhani ni mzaha wake tu.

Mwanzoni alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona. Alikuwa akifunga duka mapema, anawahi kiti cha mbele kwenye mhadhara wa sheria, anaandika kila neno. Vijana wa kundi lake walimpenda wakambatiza Mzee wa Mahakama. Lakini kazi za kundi wakawa wanazigawana kwenye simu, usiku, kwa vifupisho ambavyo hata mimi vinanichosha. Yeye akiamka anakuta wameshamaliza. Hawakumtenga kwa ubaya, Shangazi. Walidhani wanampumzisha.

Unajua mimi ni msaidizi katika kituo cha msaada wa masomo, kile chumba cha vioo kando ya maktaba. Kazi yetu ni kukaa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza na kuwaonyesha namna ya kupanga insha, kutumia kompyuta, kutaja vitabu walivyosoma. Nilimsihi Baba aje. Nikamtafutia mwenzangu mpole, ili asikae na mimi. Siku moja akaja kweli. Nilimwona kupitia kioo. Alipoingia tu, vijana wote waliokuwa wakisubiri wakasimama kumpisha kiti. Mmoja akampokea mkoba, mwingine akamwambia apite mbele ya foleni. Akashukuru, akageuka, akaondoka.

Jioni nilimuuliza kulikoni. Akaniambia, “Nimekwenda pale kusaidiwa, nikageuka mgeni rasmi. Mgeni rasmi atauliza maswali ya kijinga saa ngapi?”

Hakurudi tena. Insha yake ya kwanza aliiandika peke yake, hapa hapa, juu ya meza ya kukatia vitambaa. Nilimuuliza kama nimsomee. Akaifunika kwa kiganja kama mtoto wa shule ya msingi. “Sharti, Kifungo.” Nikamwacha.

Wiki chache baadaye nilikuwa kwenye korido na wenzangu, nikasikia mtu akiniita kwa jina la nyumbani. Nikageuka. Ni Baba, katika ile suti ya kijivu, kofia mkononi, mbele za watu wote. “Kifungo, twende nyumbani.” Tulipofika nje ya geti ndipo aliponieleza.

Alikuwa ametoka mbele ya kamati ya nidhamu. Katika insha yake aliweka kurasa karibu mbili za kitabu cha maktaba, neno kwa neno, bila kutaja zilikotoka. Walipomuuliza kwa nini, aliwajibu kwamba mwenye kitabu alishasema vizuri kuliko yeye, sasa angeyabadilishaje maneno ya mkubwa? Si angekuwa anamkosoa? Kamati ilimwelewa. Mhadhiri wake, mama mmoja mkali anayeogopwa chuo kizima, alimtetea. Uamuzi ukawa airudie tu insha, kwa msaada wa kituo chetu. Kwisha. Wapo wanaofukuzwa kwa hilo, yeye hakupewa hata onyo.

Lakini kabla ya yote hayo, mwenyekiti alisoma kosa kwa sauti, kama utaratibu unavyotaka: wizi wa kitaaluma. Baba hakusikia kingine baada ya hapo. Unamjua ndugu yako. Vipande vinavyobaki kwenye nguo za wateja huvikunja akavirudisha, hata visivyofaa kufutia meza. “Wamesema wananiamini,” aliniambia, “lakini neno lishasemwa, na nimeketi nikalisikiliza.”

Nilimbembeleza. Mama akambembeleza. Mhadhiri alimpigia simu mwenyewe, akamwambia nafasi yake itashikiliwa mpaka usajili wa muhula mpya. Usajili ulifungwa Ijumaa. Siku nzima alikuwa akishona mapazia. Sasa akitaka kurudi itabidi aombe upya, kama mtu ambaye hakuwahi kufika.

Kinachoniuma, Shangazi, ni kwamba wiki ile aliyokuwa akiandika, mimi nilikuwa nafundisha jambo hilo hilo. Asubuhi mpaka mchana, watoto wa watu, mmoja baada ya mwingine: ukichukua maneno ya mtu, sema ni ya nani. Jioni nilikuwa nakula na Baba meza moja, tunaongea habari za mvua. Nililishika sharti lake kwa utii mno. Sijui kama ningemkaidi angenisikia. Nawaza tu.

Nakuomba umpigie, usimuulize masomo. Mchokoze, mkumbushe mambo ya utotoni, acheke. Akitaka kukueleza mwenyewe, mwache aeleze, na ujifanye ndiyo kwanza unasikia.

Msalimie sana binamu Mrefu na mdogo wake, na mwambie yule mdogo nasubiri picha za mtoto. Mama anakusalimu, naye fundi wa viatu wa jirani anasema bado anakudai hadithi uliyoikatiza. Mungu akuponye goti na akulinde huko uliko.

Kabla sijafunga bahasha, nikwambie la jana. Nilikuwa nafagia dukani. Baba akasimamisha cherehani, akauliza bila kuinua kichwa, “Hivi yale maneno ya mtu mwingine, ukiyaweka, unaonyeshaje kwamba si yako?” Nikachukua chaki yake, nikamchorea kwenye meza ya kukatia: alama za kufungua, maneno, alama za kufunga, kisha jina la mwenyewe na mwaka. Akayafuatisha kwa kidole.

“Kumbe ni hivyo tu,” akasema. Kisha akayafuta kwa kiganja, akatandika kitambaa juu yake.

Ni mimi mtoto wa mdogo wako, nikupendaye hata nikikuletea habari nzito,

Kifungo