Sahani Chini ya Kawa

Kiwangwa,
Jumapili

Kaka yangu Sadallah,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Natumai huko Chalinze hamjambo, wewe, wifi yangu Zuleha na watoto, na kwamba duka la matairi linakupa riziki bila kukumaliza mgongo. Sisi huku wazima. Baba anakohoa kidogo alfajiri, lakini si cha kutisha.

Ujumbe wako niliupata, kwamba nitafute vijana wafyeke kichaka cha nyuma ya nyumba, kile chenye mindimu ya marehemu mama, ili upande mananasi. Sijawatafuta. Usinune kwanza, nisikilize.

Tangu mvua zikatike, kichaka kimejaa vipepeo. Wapo weusi wenye madoa ya manjano, wanaotaga kwenye majani ya mndimu, na wapo wadogo weupe wanaotua kwenye tope la kisimani wakinywa, mbawa wamezifumba. Ukipita wanaruka wote pamoja, kisha wanarudi palepale. Viwavi wao wametafuna majani, sikatai, lakini mindimu inachipua tena. Mimi niliyekuwa nikiwapita tu, siku hizi nasimama na ndoo kichwani nikiwatazama. Ni wazuri, kaka, sina neno jingine.

Basi wanaingia mpaka ndani. Na Baba unamjua: kipepeo akiingia nyumbani, mgeni yuko njiani, na mgeni hawekewi makombo. Kila siku ananiamuru nitenge sahani. Nilimtania kwamba kwa wageni hawa mchele utatuishia, akacheka. Baba alicheka, kaka. Tangu tumzike mama alikuwa akila matonge mawili na kunawa. Sasa humsubiri mgeni kidogo, kisha hula vizuri, eti mgeni asije akamkuta mwenyeji hana nguvu za kumpokea. Ile sahani nyingine huenda kwa jirani.

Juzi kulikuwa na mawingu kutwa, hakuingia hata mmoja. Baba akasukuma chakula. Nilipata hofu, nikaenda kichakani, nikamfunika kipepeo mmoja kwa kanga, nikamwachia dirishani kama aliyekuja mwenyewe. Baba alimtazama akizunguka, kisha akavitazama vidole vyangu, vilivyobaki na vumbi la mbawa. Nikajua nimeumbuka. Alikula, akanawa, ndipo akasema, "Mgeni hashikwi kwa kanga, mwanangu. Mwandikie Sadallah. Kwenye simu ana haraka."

Kumbe muda wote ile sahani ni yako. Hujakanyaga hapa tangu arobaini ya mama, na Chalinze si ng'ambo.

Kwa hiyo kichaka sikifyeki. Ukitaka kifyekwe, njoo na panga lako mwenyewe, ule kwanza, kisha utoke nyuma ukakitazame.

Baba anakusalimu, anasema usilete kitu. Nibusie watoto, na wifi mwambie nina hamu naye. Leo tena ameingia mmoja, safari hii kwa hiari yake, na sahani nimeifunika kwa kawa.

Wasalaam,
mdogo wako,
Mardhiya