Poda ya Alliance Haijafunguliwa

Columbus, Ohio
Tarehe 9 Mei 2026

Mpendwa wifi, mulamu wangu Béatrice,

Ninakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na watoto wako. Mgongo umepata nafuu tangu wakuondoe kwenye kazi ya kubeba maboksi? Na baridi ya Buffalo imewaachia sasa? Sisi huku tuko wazima. Nimeanza tena kulala usingizi mzima, jambo ambalo mwaka jana sikuliweza.

Ni miezi kumi na tisa tangu tumzike kaka yako, mume wangu Zihindula. Nguo zake za kazi nimezigawa, lakini kofia yake bado inaning'inia mlangoni. Kila nikitoka ninaigusa.

Bon, nije kwenye neno letu. Mwezi wa pili ulinipigia simu ukasema, "Mama Alliance, wabunge wa jimbo lenu wameua mtihani. Diplome bila mtihani ni karatasi ya kufungia karanga. Niletee mtoto, arudie mwaka huku." Nilikuomba muda. Leo ninakujibu: Alliance haji. Usikasirike, soma kwanza mpaka mwisho.

Hata mimi niliogopa kama wewe. Sisi tumekulia mahali ambapo Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza shule, ndio mlango, na mlango ni mmoja. Alliance aliponiambia kwamba sheria mpya haimlazimishi tena mtihani, nilivaa kitenge changu cha kanisa, nikapanda basi mpaka shuleni kudai mtoto wangu apewe mtihani wake. Nilimwambia mkuu wa shule kwamba kama ni sisi tuliokosa, atusamehe. Belinda, dada Mtanzania anayetafsiri pale, alishindwa kutafsiri kwa kicheko. "Mama, wenzako wanakuja kulia mtihani utolewe, wewe unalia urudishwe!"

Kisha Belinda akanieleza taratibu. Mtihani upo kwa anayeutaka. Lakini mwanafunzi ambaye alama zake hazikufika anaweza kuleta kazi yake mwenyewe na kuieleza mbele ya walimu watatu. Unakumbuka, Alliance alifanya mtihani wa hesabu wiki ile tuliyorudi kutoka kumzika baba yake Louisville. Namba aliyopata siku ile ilimfuata kama mbwa wa jirani. Alirudia mara mbili, na kila akikaa mbele ya kompyuta ile machozi yanatangulia.

Unajua alipeleka nini? Daftari la sukari la baba yake, lile la jalada la kijani. Kila asubuhi, miaka miwili, alimtoboa kidole, akaandika saa, namba na kipimo cha insulini. Mimi nilidhani anachezea kalamu. Kumbe amezichora namba zote kwa mistari, mpaka siku alizokula ugali wa fufu mwingi zinaonekana! Waliniruhusu kukaa nyuma. Hawakumhurumia, Béatrice. Walimhoji kwa hesabu karibu saa nzima. Alikosea moja, akaifuta ubaoni, akaanza upya.

Mwalimu mmoja akauliza kwa nini mstari unakatika Oktoba. Alliance akajibu kwa Kiingereza. Belinda akaninong'oneza, "Anasema hapo mgonjwa wake alipumzika."

Jana barua ya shule imefika. Amefaulu. Septemba anaanza masomo ya uuguzi, hapahapa Columbus.

Nilimuuliza pia kaka yenu Mugisho kule Okolona, kwa sababu mtoto ni wa ukoo wenu na neno la mwisho ni lake. Alikuwa ametoka kazini, amechoka. Akasema tu, "Aliyepima dawa za Zihindula amepimwa tayari."

Sasa ninakuomba jambo. Mwaka ule redio ilipotaja jina la kaka yako kati ya waliofaulu, wewe ulikuwa mdogo, poda ya kummwagia aliyefaulu, kama desturi yetu, nyumbani hamkuwa nayo, ukammwagia unga wa mihogo wa mama yenu. Mlilala na njaa mnacheka. Alinisimulia hadithi hiyo mpaka nikaijua kuliko wewe. Kabla hajalazwa alinunua kopo la poda, akaliweka juu ya kabati, akasema siku ya Alliance atamwaga mwenyewe. Kopo liko pale, halijafunguliwa. Nililipangusa leo asubuhi.

Watoto wanavaa majoho tarehe 30. Redio haitatangaza kitu, na mkono wa baba haupo. Mkono wa kumwaga ni wako, shangazi yake. Njoo. Uvae nguo isiyoogopa weupe.

Nisalimie wanao: Yoeli, na Précieux umwambie kitabu chake kiko kwangu salama. Mungu awafunike nyote, na akulinde barabarani mpaka mlangoni kwangu.

Mimi mulamu wako, ninayekupenda leo kama siku uliyonipokea kwenu,

Bulonza, Mama Alliance