Kaburi la Dereva wa Lori

Mbeya, Alhamisi jioni

Mama,

Kamwene. Goti linaendeleaje? Baba mdogo ameniambia baridi ya Nyololo mwaka huu inaingia hadi kwenye mifupa, na kwamba chai unanywea kitandani. Vizuri, kaa hapo hapo. Mimi mzima. Kifua kilinibana kwa ule moshi wa ajali nilipokwenda kupiga picha, sasa kimeachia.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu wewe simu unaiweka spika, na Mama Festo anashinda kwako. Hii isome peke yako, kisha uamue cha kumwambia. Ameniuliza mambo mawili: kama mwanawe aliombewa, na kama anaweza kuja kuliona kaburi.

Mlisikia redioni kwamba waliokufa wote, wa basi na wa lori, walizikwa pamoja Chimala, kwa kuwa moto haukuacha miili ya kugawana. Ni kweli. Bendera nusu mlingoti, viongozi, masheikh, mapadri na wachungaji wakiomba rehema kwa wote, nayo ni kweli. Kilichoachwa ni kwamba Festo hakuzikwa nao, kwa sababu alitambulika. Ndiye pekee aliyekutwa kwenye kichwa cha lori, kwa hiyo jeneza lake lilikuwa na jina, na kaburi lake lilichimbwa pembeni. Polisi hawajasema kama breki zilifeli au alisinzia. Watu walishaamua kwamba alilewa.

Wakubwa walipoondoka, zamu yake ikafika. Mwongoza ratiba akaita, "Wazazi wa marehemu." Hakuna aliyesogea. "Ndugu wa marehemu." Mtu akasema kutoka nyuma, "Mwite utingo wake!" Wakacheka. Watu wenye macho mekundu kwa kulia, Mama, walicheka.

Aliyebaki kuendesha ibada ni mchungaji mmoja wa Kilutheri, wa usharika wa jirani. Akasema, "Asubuhi tumeomba rehema kwa wote. Huyu yumo." Akasali sala fupi. Wimbo haukuimbwa, kwaya ilishapanda gari.

Wakati wa kutupa udongo, mama mmoja aliyepoteza watoto wawili alitangulia. Akaokota jiwe. Likagonga jeneza, na wengine wakafuata. Nilisikia ubao ukipasuka.

Mchungaji akavua joho, akanipa mimi niliyekuwa karibu, akashuka kaburini. Akaanza kutoa mawe na kuyapanga ukingoni.

"Mchungaji, toka huko," mzee wa kanisa lake akamwambia. "Unatuaibisha."

"Nikimaliza."

"Basi kaa humo humo!" kijana mmoja akapaza sauti. "Tukufukie na mlevi wako!"

Jiwe jingine lilimpata begani. Hakuinua kichwa.

Alipomaliza alinyoosha mkono ili avutwe. Wazee wa kanisa lake wakatazama pembeni. Aliyemshika ni mfanyabiashara wa mchele, mtu wa kanzu, ambaye binti yake aliungua kwenye lile basi. Nilikuwa hatua moja kutoka walipokuwa.

"Nakutoa wewe, mchungaji. Yeye simsamehe."

"Sijakuomba umsamehe. Nishike vizuri, nateleza."

Nikaweka joho juu ya begi la kamera, nikatupa udongo. Yule mama wa watoto wawili akanisogelea. "Na wewe ni mtu wake?"

"Ni wa kwetu, Nyololo."

Akanitemea mate kifuani. Simlaumu. Nilijifuta, nikaendelea. Tuliomfukia tulikuwa wawili, mimi na mchungaji, tukipokezana koleo moja. Waliochimba walikataa kurudi.

Jumapili nilikwenda tena. Msalaba ulikuwa umeng'olewa. Mchungaji akaniambia huo ni wa pili. Wa kwanza aliukuta kwenye mafiga ya jirani, nusu umeshaungua. Ataweka mwingine, ila usio na jina. Wazee wake nao wamemwandikia askofu ahamishwe. Nilimuuliza kama anajuta. Akasema anajuta kitu kimoja, kwamba hakuwazuia mapema, kabla ubao haujapasuka.

Kwa hiyo mwambie Mama Festo aliombewa, na mchungaji kamili. Hapo hutakuwa umedanganya. Mambo ya mawe ningekuwa wewe nisingeyasema, lakini wewe ndiye unayekaa naye.

Nisalimie baba mdogo, na shangazi wa vitumbua pale stendi. Dada aliyeko kiwandani Mgololo mwambie nimepata ujumbe wake, na kwamba waliomwandikia matusi kwa sababu anatoka kijiji kimoja na Festo asiwajibu. Mzee wa kanisa wa hapo Nyololo aliyemshauri Mama Festo asihudhurie mazishi, mwambie nimemshukuru. Angekuja, yale mawe yasingeishia kwenye jeneza.

Kuhusu kuja kuliona kaburi: asije mwezi huu. Akishindwa kuvumilia, ashukie Mbeya kwangu, nitampeleka mwenyewe. Asishuke Chimala peke yake, na asimuulize mtu yeyote njia.

Mwanao,
Obadia