Kafara ya Tambi

Bombolulu,
10 Aprili 1995

Kwa baba yangu, Maalim Mohdhar, Bofu.

Shikamoo baba. Barua hii naiandika jikoni nikiwa nimekalia gunia la vitunguu. Natumai itakukuta mzima, na kwamba goti halikusumbui na mvua hizi. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila mikono imejaa malengelenge ya mafuta ya moto.

Atakayekuletea ni Nyamvula, anayenisaidia kukaanga na jioni hurudi kwake huko Likoni. Yeye pia ndiye aliyeniletea habari zako. Anasema Ijumaa mlipotoka kusali mlikaa barazani pa msikiti, na Idarus wa duka akatangaza kuwa binti wa Maalim amefungua hoteli ya Kichina, na Wachina wanajulikana, ni nguruwe na vyura. Basi wewe ukaapa mbele ya watu, wallahi, kwamba chakula cha mkahawa wa Salme hakitaingia kinywani mwako. Ni kweli, baba?

Kama ni kweli, ungeniuliza kwanza. Hapa hapana nguruwe, hapana chura, wala tone la pombe. Kuku wangu huchinjwa na Badi, aliyesoma kwako. Upishi wenyewe niliupata Dubai, katika ile nyumba niliyofanyia kazi miaka sita, kwa wapishi wawili: Fatima, Mthai, ambaye kwa sala alinishinda mimi, na Yusuf, Mchina, naye Mwislamu pia. Ndiyo baba, Wachina Waislamu wapo. Na si wewe uliyetuambia tutafute elimu japo Uchina?

Mkahawa wenyewe si mkubwa. Una meza tano na feni moja. Napika wali wa kukaangwa kwa mayai, tambi za nyama na mboga, supu ya kamba yenye ndimu na mchaichai, na kuku wa nazi wa Kithai ambaye ukimwona utadhani ni kuku wa kupaka aliyesafiri akarudi na tabia mpya. Watu wa hapa mtaani wanakuja, wanakula, wanarudi. Anayekosekana ni wewe.

Njoo ule, baba, siku yoyote.

Mwanao,
Salme


Bofu,
24 Aprili 1995

Kwa mwanangu Salme.

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka kitunguu. Goti ni lile lile. Chakula naletewa na Mwanatabu, jirani yetu, Mungu amjazi kheri, ingawa chumvi huitia kama mtu anayekausha papa. Nawe ujitazame hiyo mikono, uipake asali.

Ni kweli niliapa. Idarus alinisema mbele ya watu, hasira zikanipanda, nikaapa. Nakiri niliharakisha. Lakini kiapo si kanzu, useme nimeivaa ya mwenzangu, basi niivue. Na ile hadithi ya Uchina, wanazuoni wameitia dosari. Ungekuwa darasani kwangu ningekurudisha nyuma ukakae na wadogo.

Badi namjua. Alikuwa mzito wa kuhifadhi lakini ni mwaminifu, kwa hiyo habari ya nyama nimeipokea. Yamebaki mawili. Nasikia unatia chakulani maji ya samaki waliovundikwa miezi. Je, yanalevya? Na nasikia ukutani umechora joka. La nini?

Babako,
Mohdhar


Bombolulu,
15 Mei 1995

Kwa baba mpenzi.

Shikamoo. Vipi hali, na vipi wanafunzi? Huku tu wazima. Asali nimepaka, na mikono imepoa.

Maji ya samaki hayalevyi. Ni samaki na chumvi, binamu yake ng'onda. Joka nimelipaka chokaa. Sasa ni ukuta tu, na wateja wawili wamelililia.

Lakini habari kubwa ni hii: kiapo chako nimekifungua. Nilikumbuka ulivyotusomesha, kwamba aliyeapa akitaka kukiacha kiapo chake hulisha maskini kumi, ndiyo kafara yake. Nikajiambia, Salme, mkahawa unao, sufuria unazo, unangoja nini? Nyamvula akanikusanyia sita wa huko Bofu, wanne nikawapata hapa hapa, na Ijumaa nikafunga mlango kwa wengine wote.

Laiti ungewaona. Niliwaandalia tambi, supu na kuku wa nazi. Zilipofika tambi, kila mtu akamtazama mwenzake. Bi Mwanarusi, yule wa nyuma ya madrasa mwenye jicho moja, akaonja uzi mmoja, akaniita, "Mwanangu, umesahau sukari." Nikamwambia, "Bi Mwanarusi, hizi ni za chumvi." Akazitazama muda mrefu. "Tambi za chumvi," akasema, "basi nimeishi kuyaona haya." Kisha akala sahani mbili, na ya tatu akaifunga kwenye upindo wa leso. Mzee Nicanor, bawabu wa hapa jirani, alijaribu vile vijiti wanavyolia Wachina, kimoja kikamrukia Nyamvula kifuani. Tulicheka hata supu ikapoa.

Mwishoni niliwaomba wakuombee dua, wakaomba. Nilijiona kama nimekufungulia mlango wa nyumba yangu kwa mkono wangu. Sasa huna kizuizi. Nakungoja Jumapili.

Mwanao,
Salme


Bofu,
22 Mei 1995

Kwa mwanangu Salme.

Marahaba. Mimi sijambo. Jumapili sikuja, na nadhani ulikaa ukitazama njia. Uniwie radhi kwa hilo, lakini kwa sheria sina la kufanya.

Kafara yako haikusihi, haikutimia kisheria. Kwanza, kiapo ni changu, na hakuna amtoleaye mtu kafara bila ya idhini yake. Pili, katika madhehebu yetu kulisha huku si kukaribisha watu mezani. Ni kumpa kila maskini kibaba kizima cha nafaka wanayokula watu wa mji, mkononi mwake, kikawa mali yake, akitaka apike, akitaka auze. Tambi zilizokwisha kupikwa si kibaba. Tatu, Nicanor ana mshahara. Ulichokifanya ni sadaka, na Mungu ataipokea, lakini kiapo kiko palepale.

Ningeweza kuishia hapo, na ungeniona mwanachuoni. Nitasema na la nne, nalo halimo kitabuni. Nguruwe wa Idarus nilimjua tangu siku ile kuwa ni uzushi. Niliapa kwa uchungu, Salme. Tangu mamako afariki nilihesabu kwamba utakaporudi kutoka Dubai utakuja Bofu, uwashe moto katika jiko lake, unipikie babako. Ukapita. Ukapanga chumba Bombolulu na kuwapikia watu usiowajua. Mimi nala chumvi ya Mwanatabu.

Hao kumi, chakula walikipenda kweli, au ni adabu tu?

Babako,
Mohdhar


Bombolulu,
30 Julai 1995

Kwa baba.

Shikamoo. Natumai u mzima. Mimi nimeamka salama.

Barua yako nimekaa nayo miezi miwili. Nyamvula kila jioni akiondoka aliniuliza kama kuna jibu, nami kila jioni nilimwambia bado. Nilikasirika, baba. Kisha hasira zikaisha nikabaki na aibu, na aibu ilichelewesha kuliko hasira.

Telegramu ya mama ilinikuta Dubai nikipiga pasi. Mlikuwa mmeshamzika siku tatu. Nilimaliza zile nguo, kwa sababu sikujua la kufanya jingine. Niliporudi, siku ile ya kwanza nilipokuja Bofu kukuamkia, ulinituma jikoni nilete maji. Nikaona mbuzi yake ya kukunia nazi pale chini, na kile kigoda chake, na miwani yake kwenye rafu. Ulikuwa hujakiondoa hata kitu kimoja. Nilikuletea maji nikaondoka, nawe ukadhani nina haraka. Sikuweza kupika mle. Mpaka leo siwezi. Hapa naweza, kwa sababu hapa hakuna chungu kinachonijua.

Si kwamba nilikukataa. Nilipotafuta pahali pa mkahawa nilipima mwendo wa kutoka kivukoni mpaka hapa, nikasema baba akija ataweza. Wewe ndiye uliyekuwa mteja wa kwanza akilini mwangu, kabla ya hawa wote.

Sitakuomba tena. Umri wako si wa kuombwa kila mwezi, na mimi pia nimechoka kutazama mlangoni. Nakutakia afya njema. Kama kuna kosa, nisamehe.

Chakula walikipenda. Si adabu.

Mwanao,
Salme


Bofu,
21 Septemba 1995

Kwa mwanangu Salme.

Marahaba, na Mungu akuridhie. Mimi ni mzima. Najua Nyamvula amekwisha kukwambia, maana yule hazuiliki, lakini nataka ulisikie kwangu.

Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Yale ya jikoni sikuyajua. Mimi vitu vya mamako nilidhani nimekuwekea wewe, uvikute. Sikufikiri kuwa nakufungia mlango.

Juzi Jumanne asubuhi nilipima vibaba kumi vya mchele, kila kimoja nikakizidisha kidogo kwa tahadhari, nikavipeleka kwa mkono wangu mwenyewe nyumba kwa nyumba. Wa mwisho alikuwa Bi Mwanarusi. Akapokea, akaupima kwa mkono, akaniuliza ni wa nini. Nikamweleza habari ya kiapo na madhehebu yanavyosema, nikamweleza na kwa nini kafara yako haikusihi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Maalim, sheria unaijua wewe. Lakini huu mchele nitarudi ndani niupike peke yangu, niule peke yangu. Salme alipotulisha, alikaa nasi."

Nikamuaga.

Nikaenda kivukoni vile vile, na kanzu yenye vumbi la mchele. Nilipofika kwako ulikuwa umekwenda Kongowea sokoni. Nyamvula alitaka kumtuma mtu akuite, nikamkataza. Nilikaa meza ya pembeni, mgongo kwa watu. Meza ya pili walikuwako mafundi watatu kutoka zile karakana za jirani, mmoja katika kiti cha magurudumu, na vyakula vyao vimewekwa katikati kila mtu akichota. Yule wa kiti cha magurudumu akaniambia, "Maalim, utakulaje pekeo kama mtu aliyegombana? Sogea huku." Nikasogea.

Sitakudanganya. Tambi sikuzipenda. Tambi ni za sukari na iliki, na hapo sitoki. Vijiti nilivikataa, nikala kwa mkono, nao wakaviweka chini wakala kwa mkono pamoja nami. Supu yako ni kali kuliko inavyohitajika. Kuku wa nazi nilimla mpaka nikaona haya, maana hakuwa wangu, na yule fundi akaita sahani nyingine bila kuniuliza. Walinieleza wanavyokata ngozi za viatu. Niliwaeleza habari ya goti. Ilipoadhiniwa alasiri nikastuka, nikakumbuka wanafunzi wananingoja, nikaondoka mbio kama mwizi.

Katika kivuko nilifikiri jambo hili. Miaka mitatu sasa Mwanatabu anaweka sahani juu ya meza na kurudi kwake, nami naila nimeelekea ukuta. Nilidhani namlilia mpishi. Nikakulaumu wewe kwa kuwapikia wengine, na kumbe Mwanatabu angekaa tu pale hata robo saa, nisingeiona chumvi yake.

Vitu vya jikoni nimemwomba Mwanatabu avifungashe. Miwani na kigoda nimebaki navyo mimi, chumbani kwangu. Hivyo vingine utakuja kuvichagua ukiweza, na usipoweza si lazima.

Idarus nimemwambia barazani, mbele ya wale wale, kwamba nimekula kwa mwanangu na kwamba alisema uongo. Akauliza kama vyura walikuwa watamu. Mwache.

Jumatano sina darasa. Nitakuja baada ya adhuhuri. Usiwe sokoni, wala usiwe jikoni, Nyamvula apike. Wewe keti mezani. Nataka kula na mwanangu.

Babako,
Mohdhar