Kiti cha Mbele kwenye Lori la Netiboli

Jumapili, mwanzoni mwa mwezi wa Nane, 1985. Geita.

Jua limewaka tangu asubuhi na upepo unapeperusha manyoya ya pamba mji mzima. Ndiyo msimu wenyewe. Ukianika nguo nyeusi unaanua nguo ya mzee mwenye mvi. Kiuno kinaniuma, goti limevimba, koo limekauka kwa kuimba, na sijawahi kuwa na furaha kama ya leo.

Kiuno kimeumia kwenye kiti cha mbele cha lori la pamba. Nitaeleza.

Kwanza nimwandike Zainabu wangu, maana mama asiyemsifu mwanawe anamwachia nani kazi hiyo? Ana miaka ishirini na mmoja. Ni mrefu, akiingia mlangoni anainama kidogo, na urefu huo ni wa upande wangu. Baba yake anajua, ndiyo maana tukifika hapo hunyamaza. Zainabu anachezea timu ya netiboli ya jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba, na ndiye mfungaji wao. Akishika mpira chini ya goli, watu wa hapa Kalangalala huanza kushangilia kabla haujamtoka mkononi. Sisemi mimi, wanasema wao. Na mimi nasema.

Jineri walimchukua kwa ajili ya mpira. Asubuhi yuko mizani, jioni yuko mazoezini. Mabinti wote wa timu ni vibarua wa msimu, na anayechaguliwa kwenda mashindano ya mkoa Mwanza ndiye anayepewa kazi ya kudumu. Anayechagua si mwalimu wa timu. Ni Ndugu Katibu wa Michezo, bwana wa miwani myeusi na taulo shingoni, taulo ambalo sijaliona likifuta jasho lolote.

Timu ikienda kucheza nje inasafiri na lori la pamba. Mabinti hukaa nyuma juu ya magunia matupu, Katibu hukaa mbele na dereva. Katikati yao ipo nafasi ya mtu, na Katibu humchagua binti wa kukaa hapo.

Mwezi uliopita alianza kumchagua Zainabu.

Mungu anisamehe, nilitamba! Nilitamba bombani, nilitamba sokoni kwenye meza ya dagaa ya mume wangu, nilitamba hata msibani wakati wenzangu wanachambua mchele. "Zainabu wangu hapandi nyuma na magunia. Anakaa mbele na wakubwa." Kwetu mbele ya gari hukaa mzee, mgonjwa, mgeni, au mama aliyebeba kichanga. Nikaona mwanangu ameheshimiwa. Baba Zainabu akaniambia, "Mke wangu, hata jogoo mchana hupumzika." Sikupumzika.

Mwenyewe Zainabu alikuwa akiinama tu. "Mama, usiwaambie watu." Nikadhani ni haya ya malezi mema, nikajisifia na hiyo pia.

Alhamisi akaja Kabula kusukwa. Kabula ni nahodha wa timu, binti wa jirani yangu tunayemwita Mama Kabula. Nikamkalisha mkekani, nikashika kitana, nikaanza wimbo wangu wa kiti cha mbele. Nikahisi shingo yake imekakamaa mikononi mwangu.

"Mayu," akasema, kama Wasukuma wanavyomwita mama, "naomba uache."

"Niache kusuka?"

"Uache kukisifia kile kiti. Sisi mwenzetu akiitwa pale mbele, tuliobaki nyuma tunamshukuru Mungu, halafu tunamwonea huruma."

Kisha akanieleza, uso ameuelekeza ukutani. Mkono wa Ndugu Katibu hauna kwao. Unaanza begani kama wa baba. Lori likiruka shimo unaangukia gotini, shimo likipita hauondoki, unapanda. Dereva anatazama barabara. Binti akiusukuma, mechi inayofuata yuko benchi. Akiuvumilia, anaambiwa yapo mazungumzo ya safari ya Mwanza, yanataka faragha, aje ofisini watu wakishatoka kazini. Rehema, aliyekuwa mfungaji kabla ya mwanangu, alikataa kwenda ofisini. Akaambiwa kiwango kimeshuka, na kibarua kikaisha. Sasa anawapikia wachimbaji wa dhahabu kule Rwamgasa.

Mimi niliambiwa Rehema ni mvivu. Nikaamini. Nikasambaza.

"Na Zainabu?" nikauliza.

"Zainabu anausukuma, mayu. Lakini akirudi nyumbani anakuta umeshawakusanya majirani."

Nilimaliza kumsuka, mistari ikaenda upande. Mimi! Muulize mtu yeyote hapa mtaani kama amewahi kuona mstari wangu umeenda upande.

Nilikuwa nimemfunga mwanangu mdomo kwa sifa.

Jioni ile nilimkuta jikoni anapepeta. Sikujua pa kuanzia, nikaanza na mwisho. Nikamwambia, najua. Ungo ukasimama hewani. "Ningekuambiaje, mama? Ulikuwa na furaha kiasi kile."

Baba yake naye alipoambiwa alisimama, akakaa, akasimama tena. Ni mtu mpole, hasira ikimjia haijui ikae wapi. "Basi, aache huo mpira," akasema. "Kesho asikanyage jineri."

Zainabu hakupandisha sauti. "Baba, nikiacha mimi atamweka mwingine. Na kosa langu liko wapi hata niache? Sitaki kiti chake, sitaki ofisi yake. Nataka kucheza tu."

Nataka kucheza tu. Maneno matatu, na yakamkalisha baba yake chini tena. Kwenda kwa meneja? Baba yake Rehema alikwenda, akaulizwa shahidi yuko wapi, na mtu pekee wa kuwa shahidi ni dereva anayetazama barabara. Nikakaa na jambo hilo Ijumaa nzima, nikaunguza mchuzi. Nikawa najiuliza, nguvu za bwana huyu zinakaa wapi? Zinakaa kwenye kile kiti. Na kile kiti kwa desturi yetu ni cha nani?

Goti langu likanijibu.

Jana Jumamosi timu ilikuwa inakwenda Kharumwa. Nikavaa kanga niliyoipata kwa foleni dukani kwa ushirika, sijaivaa tangu Idi. Nikafika jineri mapema, nikamwambia dereva, "Nifungulie, baba, goti hili halipandi nyuma." Akafungua bila swali, amelelewa. Baada yangu, kama tulivyopanga, akapanda hapo hapo mbele Mama Kabula na kikapu chake cha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Mama Kabula ni mwanamke mpana, alhamdulillahi. Tulipokwisha kukaa, hata upepo ulikosa pa kupita. Mama wengine wawili wakapanda nyuma na mabinti zao.

Ndugu Katibu akaja na miwani yake. Akafungua mlango, akatukuta.

"Mama, hapo pamepangwa."

"Shikamoo kwanza, mwanangu."

Nyuma mabinti wakachungulia. Katibu akashika taulo lake. "Shikamoo."

"Marahaba. Haya, pamepangwa na nani?"

"Ni utaratibu wa timu. Wazazi hawasafiri na timu."

"Timu ina katibu, ina mwalimu, ina dereva. Mama haina? Ndiyo maana imekonda."

"Hapo hukaa Zainabu. Namwelekeza mambo ya mchezo."

Mama Kabula akajibu na tobolwa mdomoni, "Tuelekeze sisi, baba. Tutamfikishia."

Watu wa mizani walikuwa wameacha kazi, wamesimama na mikono kiunoni. Nikapandisha sauti kidogo, nanyi mnaijua sauti yangu. "Ukitaka tushuke, tutashuka. Ila utushushe kwa mikono yako mwenyewe, mmoja mmoja, watu wote hawa wakiona mkono wako unavyofanya kazi."

Hapo alielewa kwamba nimeelewa. Nilimwona, pamoja na miwani.

"Ndugu Katibu, panda huku!" Kabula akaita kutoka nyuma. "Kuna magunia laini!"

Akapanda. Mwalimu wa timu, mzee wa watu asiyependa ugomvi, alimnyooshea mkono. Mama wale wawili wakamweka kati, mmoja kila upande.

Barabara ya Kharumwa mnaijua, na msimu huu ni vumbi tupu. Vumbi likichanganyika na manyoya ya pamba hakuna linalosalimika. Tulipofika, Ndugu Katibu alishuka mweupe kama kuku aliyenyonyolewa nusu. Wenyeji walikuwa wamejipanga kumpokea kiongozi wa msafara, na kiongozi kwa kawaida anatoka mbele. Basi wakanipokea mimi. "Karibu, kiongozi." Ningekataa? "Wabeja, wabeja," nikawashukuru kwa Kisukuma, nikawapa mkono wote. "Mimi ndiye mama wa timu."

Lakini Katibu alikuwa na neno lake la mwisho, na alilisema kiwanjani. Nilimsikia akimwambia mwalimu, "Yule mrefu leo benchi. Na Mwanza amsahau."

Hapo nguvu ziliniishia. Kiti ninaweza kukikalia. Kiwanjani siwezi kuingia. Nikamwangalia Zainabu na sketi yake niliyoipiga pasi mwenyewe, amekaa kwenye benchi, mikono magotini, hatazami upande wetu. Nikawaza kwamba baba yake alikuwa amesema kweli, na mimi na maneno yangu nimemkosesha mtoto vyote, mpira na kazi.

Filimbi ikapigwa. Kabula akaweka mpira chini katikati ya kiwanja, na yeye akakaa chini pembeni yake.

"Mayu amekaa mbele," akasema. "Sisi tunakaa hapa."

Akakaa wa pili. Wakakaa wote, sketi zao vumbini. Timu ya Kharumwa wakabaki wanatazamana. Katibu akapiga kelele kwamba atawafukuza kazi wote, wote, na kadiri alivyopiga kelele watu wakazidi kusogea kuuliza kuna nini. Mwalimu akamtazama Katibu, akatutazama sisi mama, akawatazama mabinti wale chini. Miaka yote hii sijamsikia akiamua jambo. Akasema kwa sauti ndogo:

"Zainabu, ingia."

Tulifungwa kwa goli moja. Naandika kwa sababu shajara si mahali pa uongo, lakini naandika pia kwamba refa alikuwa shemeji wa mtu pale Kharumwa. Karibu magoli yetu yote aliyatia Zainabu. Lile la mwisho alilitia akiwa amezungukwa, amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, na mimi nilipiga kigelegele hadi kanga ikadondoka.

Kurudi tukakaa vilevile, sisi mbele, Katibu kati ya mama wawili. Mabinti wakaimba njia nzima. Katika sauti zile nikaitambua ya Zainabu, na ndipo nikagundua kwamba nyumbani hajaimba mwezi mzima. Nilikuwa nasikia sauti yangu tu.

Karibu na mjini dereva akasema, bila kuulizwa na macho yake yako mbele, "Mama Zainabu, mimi natazama barabara. Lakini gari lina kioo."

"Na meneja akikuuliza kioo kimeona nini?"

Akabadili gia. "Nitamjibu."

Tuliposhuka jineri Katibu alijipangusa manyoya akasema majina ya Mwanza atayatoa Jumatatu. Alisema akimtazama Zainabu. Jumatatu ni kesho.

Basi kesho hiyo hiyo tunakwenda kwa meneja kabla mizani haijafunguliwa. Mama wote, mabinti waliokubali kusema, na dereva. Mwalimu amesema atakuja, nitaamini nikimwona. Baba Zainabu anafunga meza ya dagaa, jambo ambalo hakulifanya hata siku niliyojifungua. Sijui meneja atajibu nini. Najua tu kwamba safari hii hatauliza shahidi yuko wapi, maana hatutaenea ofisini mwake. Safari nyingine ya timu ni zamu ya mama wale wawili kukaa mbele na dereva, na tumekubaliana kiti kile hakitakuwa wazi tena. Nami nitakwenda Rwamgasa kumtaka radhi Rehema. Hilo ni deni langu peke yangu.

Ila Zainabu amenipa sharti, na ni gumu kuliko vumbi lote la Kharumwa. Amekuja sasa hivi, ameegemea mlango. "Mama, kesho usinisemee. Nitasema mwenyewe. Wewe kaa karibu tu."

Mimi, ninyamaze! Nimemwahidi. Nitauma kanga.

Lakini alfajiri nitapita bombani kwanza. Ndoo nimeshaiweka mlangoni. Wapo wanawake pale niliowachosha masikio, na ni lazima wasikie habari ilivyogeuka, kwa sauti ileile: Zainabu wangu hakai mbele. Anapanda nyuma, juu ya magunia, na wenzake.